Kupima usemi wa jeni za musini katika seli za njia ya hewa: mwongozo kwa maabara ndogo ya Tanga

Mtu aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha brashi cha kiwanda cha mkonge, iwe Muheza, Korogwe au pembezoni mwa Tanga mjini, hahitaji kuelezwa kohozi ni nini. Singa zikishatoka kwenye korona (mashine inayokwangua majani ya mkonge), zikaanikwa na kukauka, hupitishwa kwenye brashi ili zilainike na kung'aa, na hapo ndipo vumbi laini linapotimka na kumwingia mfanyakazi puani na kifuani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanagenzi wa maabara anayetaka kuuliza swali moja lenye mipaka kuhusu jambo hilo: je, dondoo ya vumbi la mkonge huzifanya seli zilizotanda ndani ya njia ya hewa zisome jeni za musini (protini zinazoupa ute mnato) zaidi ya kawaida? Swali hilo linaweza kujibiwa katika maabara yenye vifaa vya kiasi, ila mpimaji akubali tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Kinachopimwa

Ute wa njia ya hewa ya mtu mwenye afya ni maji kwa takribani asilimia 97. Katika asilimia 3 inayobaki mna chumvi, mafuta, mabaki ya seli na protini za aina nyingi, na musini hazifiki hata theluthi moja ya sehemu hiyo ndogo. Hata hivyo ndizo zinazoupa ute mnato wake. Musini ni protini kubwa mno, zenye minyororo ya sukari iliyojipanga pande zote kama miiba ya mgunga, na sukari hizo hushika maji na kuvimba. Zinazotengeneza ute wenyewe katika njia ya hewa ni mbili, MUC5AC na MUC5B. Jeni zake ni majirani katika kromosomu ya 11, pamoja na MUC2 na MUC6. MUC5AC hutolewa zaidi na seli kikombe zilizo juu ya tabaka, ilhali MUC5B hutoka kwenye tezi zilizo chini ya tabaka hilo na pia kwenye seli za vijia vidogo vya hewa. Ziko nyingine, kama MUC1, MUC4 na MUC16, ambazo hubaki zimeng'ang'ania utando wa seli na hazitengenezi ute wa kuvutika. Kwa hiyo anayeandika kwamba amepima musini bila kutaja ni ipi bado hajamwambia msomaji kitu.

Usemi wa jeni ni kiasi ambacho jeni inasomwa na kunakiliwa kutoka DNA kuwa RNA mjumbe. Njia inayoelezwa hapa ni qPCR, ambayo RNA hunakiliwa kuwa DNA kisha mashine ikaiongeza mzunguko kwa mzunguko huku ikiipima; hupima RNA hiyo tu, si ute, na tofauti ya vitu hivyo viwili itajadiliwa mbele.

Hatua ya kwanza: kuchagua seli

Kwa anayeanza ninapendekeza seli za NCI-H292, ambazo asili yake ni saratani ya mapafu. Hukua bila usumbufu katika midia (majimaji ya kulishia seli) ya RPMI 1640 iliyotiwa seramu ya ndama ya asilimia 10, husoma jeni ya MUC5AC hata zikiwa zimetulia, na huitikia waziwazi vichocheo vinavyojulikana, jambo ambalo litakuokoa siku utakapohitaji kujua kama kosa liko kwenye vumbi au kwenye mikono yako. Seli za A549, ambazo zimekuwa zikitumika tangu mwaka 1972, zinapatikana karibu kila maabara, lakini tabia yake inaelekea zaidi kwenye seli za vifuko vya hewa kuliko za njia ya hewa. Seli za Calu-3 zina tabia inayokaribia ya tezi, nazo hukua taratibu. Zote tatu ni seli za saratani, na matokeo yake yasielezwe kana kwamba yametoka kwenye kifua cha mtu.

Zipime seli kwa ajili ya maikoplasma kila mwezi. Bakteria hao hawaitibui midia na hawaonekani kwa darubini ya kawaida, lakini hubadilisha usemi wa jeni nyingi, na unaweza kupima mwaka mzima athari ya maikoplasma ukidhani ni athari ya vumbi. Weka pia kikomo cha idadi ya mara unazozihamisha kutoka flaski hadi flaski. Mimi husimama kwenye uhamisho wa 20 tangu kuzitoa kwenye nitrojeni ya maji, kisha nafungua kichupa kipya.

Hatua ya pili: inkubeta, umeme na ukungu wa pwani

Inkubeta iwe kwenye nyuzi 37 za Selsiasi na hewa ya ukaa ya asilimia 5, na trei ya maji ijazwe maji yaliyokenekwa na kutakaswa kwa mvuke, si maji ya bomba. Katika miezi ya masika hewa ya Tanga hubeba vimelea vingi vya ukungu, hivyo trei ioshwe kila wiki na mlango usifunguliwe kwa ajili ya kuchungulia tu. Boksi za karatasi zisihifadhiwe ndani ya chumba cha seli, maana karatasi ikishika unyevu huota ukungu kabla hujautambua kwa macho. Mtungi wa gesi ukaguliwe kwenye shingo na kwenye rejuleta, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma polepole na uvujaji mdogo humaliza gesi katika siku chache.

Jizoeze kusoma rangi ya midia. Ikiwa ya manjano, asidi imezidi na seli zimejaa au kuna bakteria. Ikielekea zambarau, hewa ya ukaa imekwisha. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Jumamosi moja umeme ulikatika usiku, jenereta ikaishiwa dizeli, na asubuhi niliikuta midia imekuwa zambarau. Seli zilionekana nzima kwa darubini, nami nikaendelea na jaribio kwa kuwa ratiba ilikuwa inanibana. MUC5AC ilipanda katika seli zilizowekewa vumbi, na ikapanda vilevile katika seli ambazo hazikuwekewa chochote, nikapoteza wiki mbili za kazi. Tangu siku hiyo, seli zilizopitia kukatika kwa umeme huhamishwa mara mbili kabla ya kutumika tena, na jambo hilo huandikwa kwenye daftari.

Hatua ya tatu: kutengeneza dondoo ya vumbi

Hapa ndipo jaribio hili linapopata au kupoteza maana yake, kwa hiyo usilipitie harakaharaka. Omba ruhusa kwa uongozi wa kiwanda, kisha kusanya vumbi lililotua juu ya boriti, rafu na kingo za madirisha ya chumba cha brashi, kwenye kimo cha kichwa cha mtu au zaidi. Usizoe la sakafuni: lina udongo wa viatu, mafuta ya mashine na pengine kinyesi cha ndege, na dondoo yake haitakueleza kitu juu ya mkonge. Tumia brashi safi na mfuko mpya, andika tarehe na mahali, na ikiwezekana chukua pia vumbi la sehemu isiyokuwa na mkonge kabisa, kama ofisi ya karani, liwe la kulinganishia.

Pima gramu 1 ya vumbi, itie katika mililita 10 za maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti, tikisa kwa saa moja, zungusha kwenye sentrifuji hadi mashapo yatulie, kisha chuja majimaji kwa kichujio cha mikromita 0.22. Majimaji hayo ndiyo tunayoyaita dondoo ya asilimia 100. Yagawe katika vichupa vidogo na uyagandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Fahamu ulichokiacha: kichujio kimeondoa chembe na vipande vya nyuzi, hivyo unachojaribu ni kile kinachoyeyuka, wala si mkwaruzo wa singa yenyewe.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Vumbi lolote la mmea lina endotoksini, yaani kipande cha ukuta wa bakteria wa aina ya Gram-hasi waliokuwa wakiishi juu ya jani na katika majimaji ya korona. Endotoksini peke yake huweza kuamsha seli. Ikiwa dondoo yako imeinua MUC5AC, ni mkonge ulioinua au ni bakteria wa mkonge? Kwa mfanyakazi tofauti hiyo huenda isiwe na uzito, kwa sababu anavuta vyote viwili kwa pamoja, lakini kwa anayetafuta chanzo ina uzito mkubwa. Pima kiasi cha endotoksini katika dondoo kwa kipimo cha LAL, kisha andaa endotoksini safi ya kiasi hichohicho iwe kundi la ulinganisho, na kundi jingine la dondoo iliyochanganywa na polimiksini B, dawa inayoishika endotoksini na kuizuia isifanye kazi. Vyombo vya kioo vichomwe kwenye tanuri la nyuzi 250 kwa dakika 30, kwa kuwa otoklevu huua bakteria lakini haiiharibu endotoksini yao.

Hatua ya nne: kupanda seli na kuzichochea

Panda seli 300,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo sita, katika mililita 2 za midia, na uzisubiri zitande hadi zifunike asilimia 80 au 90 ya sakafu. Msongamano uwe sawa katika vishimo vyote, kwa sababu seli zilizobanana hazisomi MUC5AC kwa kiasi kilekile kama zilizotawanyika. Sahani iliyotikiswa kwa mzunguko hukusanya seli katikati, hivyo itikise mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, na uiache itulie juu ya meza kabla ya kuiingiza kwenye inkubeta.

Seli zikishatanda, zioshe mara mbili na uziweke kwenye midia isiyo na seramu kwa saa 24. Njaa hii ina sababu. Seramu imejaa vichocheo vya ukuaji, na vichocheo hivyo huwasha kipokezi kiitwacho EGFR, ambacho ndicho mlango mkuu unaopitishia amri ya kusoma MUC5AC katika seli za H292. Moshi wa sigara na vioksidishaji pia hupitia mlango huohuo. Ukiacha seramu, mlango utakuwa umeshafunguliwa nusu kabla vumbi halijafika. Hata hivyo njaa ina gharama yake: seramu ndiyo pia inayoleta protini zinazoisaidia seli ya njia ya hewa kuitambua endotoksini, kwa hiyo katika midia tupu mwitikio wa endotoksini unaweza kuonekana dhaifu kuliko ulivyo kifuani. Andika hivyo katika maelezo ya matokeo.

Makundi yangu ya kawaida ni haya. La kwanza halipewi kitu, na la pili hupewa maji ya bafa ya ujazo uleule wa dondoo. La tatu hupewa TGF-alfa, protini inayokiwasha kipokezi cha EGFR, ya nanogramu 10 kwa mililita, nalo ni kundi ambalo lazima lipande. Lisipopanda, jaribio zima limekufa na hakuna haja ya kuendelea kuchambua vumbi. Yanafuata makundi ya dondoo ya asilimia 0.1, 0.5 na 1, kisha endotoksini peke yake, kisha dondoo yenye polimiksini B. Kama una fedha ya kizuizi cha EGFR kiitwacho AG1478, kitie kwa kiwango cha mikromola 10, dakika 30 kabla ya dondoo, na uweke kundi lililopewa kiyeyushi chake tu. Mara ya kwanza vuna seli baada ya saa 4, 8 na 24 ili uujue mwendo wa mwitikio. Baada ya hapo saa 24 hutosha kwa kazi nyingi.

Kabla ya kuzivunja seli, chukua midia iliyo juu yake na upime kimeng'enya cha LDH, kinachovuja seli zinapopasuka. Dondoo inayoua seli nayo hubadilisha usemi wa jeni, na badiliko la seli inayokufa si jibu la swali letu. Midia inayobaki igandishwe, maana itahitajika kwa kupima musini zenyewe.

Hatua ya tano: kutoa RNA

Mwaga midia yote, tia mililita 1 ya TRIzol katika kila kishimo, na uvunje seli papo hapo kwa kuzipitisha kwenye pipeti mara kadhaa. Ongeza mililita 0.2 ya klorofomu, tikisa kwa nguvu kwa sekunde 15, subiri dakika chache, kisha zungusha kwa kani ya 12,000 g kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4. Chukua tabaka la juu lisilo na rangi bila kuwa na tamaa ya tone la mwisho, kwa sababu tone hilo ndilo linalobeba DNA. Tia mililita 0.5 ya isopropanoli, acha dakika 10, zungusha tena kwa dakika 10, osha mashapo kwa ethanoli ya asilimia 75, yaache yakauke kidogo, kisha yayeyushe katika maji yasiyo na vimeng'enya vinavyokata RNA.

Maelekezo mengi yanasema mambo haya yafanyike katika joto la kawaida la chumba. Walioyaandika walikuwa na chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Chumba chetu mwezi Februari, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, hupita nyuzi 30, na jasho la mkono lina vimeng'enya vinavyokata RNA kwa wingi. Badilisha glavu mara kwa mara kuliko unavyodhani inahitajika, na usijifute paji la uso kwa mkono wenye glavu kisha ukashika vichupa. Barafu ya kuuzia samaki inafaa kabisa kwa kupoza, ila vichupa viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Fenoli iliyomo kwenye TRIzol huunguza ngozi na klorofomu hulevya. Kazi hii ifanyike kwenye kabati linalovuta hewa nje, na mabaki yakusanywe kwenye chupa yake, kamwe yasimwagwe kwenye sinki.

Kwenye spektrofotometa, uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 2.0, na wa 260 kwa 230 uwe kati ya 2.0 na 2.2. Ukiwa chini, mara nyingi fenoli au chumvi imebaki. Namba nzuri hapa hazithibitishi kuwa RNA ni nzima, zinathibitisha usafi tu. Ipitishe sampuli kidogo kwenye jeli ya agarosi: mistari miwili mikali ya RNA ya ribosomu, wa juu ukiwa mnene kuliko wa chini, ndiyo dalili ya RNA isiyokatika.

Hatua ya sita: cDNA na uchaguzi wa praima

Suala la uzima wa RNA lina uzito wa pekee katika jeni hizi. RNA mjumbe ya MUC5AC na ya MUC5B kila moja ina urefu wa takribani herufi 17,000, ilhali ile ya GAPDH, jeni inayopendwa sana kwa kulinganishia, haifiki hata herufi 2,000. Ukiwa na RNA iliyokatika vipande, GAPDH nyingi itabaki nzima na MUC5AC itakuwa imevunjika pengi. Hebu tuseme unatengeneza cDNA (nakala ya DNA itokanayo na RNA) kwa kuanzia mkia wa A tu, yaani mfululizo wa herufi A ulio mwishoni mwa RNA mjumbe, na praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoonesha mahali pa kupimia) ziko mwanzoni mwa jeni: kimeng'enya kingelazimika kusafiri herufi elfu nyingi bila kuanguka ndipo ufikie unapopimia. Matokeo yatakuwa MUC5AC inayoonekana ndogo, nayo itakuwa ndogo zaidi katika sampuli ile iliyokaa mezani kwa muda mrefu. Kwa hiyo tumia mchanganyiko wa praima za mkia wa A na praima fupi za nasibu, na uchague praima za kupimia zilizo karibu na mwisho wa jeni.

Usiweke praima katikati ya jeni. Sehemu ya kati ya musini hizi imejaa marudio, maneno yaleyale yakirudiwa tena na tena kama kiitikio, na praima itashika mahali pengi kwa wakati mmoja. Tena MUC5AC na MUC5B zinafanana kwenye ncha zake, kwa kuwa ni jeni zenye asili moja. Kila jozi ya praima ilinganishwe na jenomu yote ya binadamu kwenye kompyuta kabla ya kuagizwa. Zikifika, zijaribu: mkunjo wa kuyeyuka, yaani mchoro wa mashine unaoonesha vipande vya DNA vikiachana joto linapopanda, uwe na kilele kimoja, jeli ioneshe kipande kimoja cha urefu uliotarajiwa, na ikiwa inawezekana kipande hicho kisomwe herufi kwa herufi. Safu ya praima iliyonakiliwa kutoka kwenye makala ya zamani isiaminiwe bila kukaguliwa, hata kama makala ni ya watu wenye jina.

Safisha RNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, kisha tumia mikrogramu 1 ya kila sampuli katika mikrolita 20 za mchanganyiko wa unakili wa kinyume. Andaa sampuli moja isiyotiwa kimeng'enya cha unakili. Ikionesha MUC5AC, basi kuna DNA iliyobaki.

Hatua ya saba: mashine na hesabu

Mpangilio wa kawaida wa mashine ya qPCR hufaa: nyuzi 95 kwa dakika 10, kisha mizunguko 40 ya nyuzi 95 kwa sekunde 15 na nyuzi 60 kwa dakika moja. Kila sampuli iwe katika vishimo vitatu, na pawe na vishimo vyenye maji tu. Kabla ya yote, tengeneza ngazi ya kuzimua cDNA mara kumi kumi na uchore mstari wake: mteremko wa −3.32 maana yake ni kwamba kila mzunguko unaongeza nakala maradufu, na mteremko kati ya −3.6 na −3.1 unakubalika. Praima ambazo hazifikii hapo zibadilishwe; usijaribu kuzitibu kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya tofauti ya tofauti, iliyoelezwa na Livak na Schmittgen mwaka 2001. Nitaieleza kwa namba za mfano. Katika seli zilizopewa bafa, MUC5AC imevuka kizingiti (kiwango cha mwanga ambacho mashine huanza kuihesabu) kwenye mzunguko wa 28.4 na jeni ya kulinganishia kwenye 19.1; tofauti ni 9.3. Katika seli zilizopewa dondoo, MUC5AC ni 25.9 na jeni ya kulinganishia ni 19.0, tofauti ni 6.9. Ukitoa 9.3 kwenye 6.9 unapata −2.4, na 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 2.4 ni takribani 5.3. Basi MUC5AC imesomwa mara 5.3 ya kawaida.

Sasa chukulia kwamba dondoo yenyewe imeigusa jeni ya kulinganishia ikasomwa zaidi, na mzunguko wake ukashuka kutoka 19.0 hadi 18.0. Tofauti inakuwa 7.9, tofauti ya tofauti inakuwa −1.4, na jibu ni mara 2.6. MUC5AC haikubadilika hata chembe, lakini jibu limekatika nusu. Kwa sababu hiyo sitegemei jeni moja. GAPDH na aktini hubadilika seli zinapokasirishwa, kwa hiyo jaribu nne au tano, kama RPLP0, HPRT1 na B2M, katika hali zote za jaribio lako, uchague mbili zisizoyumba na utumie wastani wake.

Marudio halisi ni majaribio yaliyofanywa siku tofauti kwa seli zilizopandwa upya. Vishimo vitatu vya sahani moja hupima usahihi wa mkono wako tu, na anayeviita marudio matatu anajidanganya kwa takwimu nzuri. Fanya majaribio yasiyopungua matatu, na ulinganishe kwa takwimu zile tofauti za mizunguko kabla ya kuzigeuza kuwa mara ngapi. Sampuli inayovuka kizingiti baada ya mzunguko wa 35 naichukulia kuwa haijapimika.

Hatua ya nane: kuthibitisha kwa musini zenyewe

RNA mjumbe inaweza kuongezeka kwa sababu jeni inasomwa zaidi, au kwa sababu RNA iliyopo inakaa muda mrefu zaidi bila kuoza. Elastasi ya chembe nyeupe za damu, kwa mfano, huinua MUC5AC kwa njia hii ya pili. Ukitaka kutenganisha, simamisha usomaji kwa aktinomaisini D na upime RNA iliyobaki kila baada ya saa kadhaa, katika seli zenye dondoo na zisizo nayo.

Kisha pima protini katika midia uliyoigandisha. Musini ni kubwa kiasi kwamba hazipiti katika jeli ya kawaida ya protini. Hubaki zimekwama mlangoni, na mwanagenzi huandika kwamba hazipo. Tumia jeli ya agarosi, au ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili) yenye kingamwili ya 45M1 kwa MUC5AC. Usiipige sampuli kwa pipeti ya ncha nyembamba, kwa kuwa minyororo mirefu hukatika. Kwa maabara isiyo na kingamwili, rangi ya bluu ya Alcian kwenye pH 2.5 pamoja na rangi ya PAS itaonesha sukari za musini ndani ya seli, ingawa haitakuambia ni musini ipi.

Kwa atakayetaka kuvuka mpaka wa H292

Seli zilizozama kwenye midia haziishi maisha ya njia ya hewa, ambayo upande mmoja hugusa damu na upande mwingine hewa. Ukishaizoea kazi hii, omba kibali cha maadili, ambacho kwa utafiti wa afya ngazi ya taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na ukusanye seli za pua kwa kijibrashi kutoka kwa watu waliokubali kwa hiari. Zipande juu ya kiwambo chenye matundu ya mikromita 0.4 kilichopakwa kolajeni, midia ikiwa juu na chini, hadi zitande. Kisha ondoa midia ya juu na uziache zilishwe kutoka chini tu. Midia hiyo iwe na asidi ya retinoiki, maana zikiikosa hugeuka kuwa kama ngozi na huacha kutoa ute. Baada ya siku 21 hadi 28 utaona silia (vinyweleo vidogo vya seli) zikipiga na ute ukikusanyika juu. Uoshe taratibu mara moja kwa wiki, na muosho huo uhifadhiwe kwa kipimo cha protini.

Katika seli hizo kichocheo cha uhakika ni interlukini 13, protini ya mfumo wa kinga, nanogramu 10 kwa mililita kwa wiki moja au zaidi, ambayo hupandisha MUC5AC na kuongeza seli kikombe, huku MUC5B mara nyingi ikishuka. Kwa hiyo dondoo ya vumbi itakapofika kwenye kiwambo hicho, jeni hizo mbili zipimwe na ziandikwe bega kwa bega katika jedwali moja; kupanda kwa moja peke yake hakutoshi kusema kwamba ute umeongezeka.